Mchoro umeganda, unakwama au unakimbia: kutafuta kiini cha tatizo la fremu mfululizo

Umetengeneza mwonekano wako mwenyewe kwenye simu: mawimbi ya sauti, geji inayozunguka, mchezo mdogo, chochote kinachotakiwa kuchorwa fremu baada ya fremu, yaani picha baada ya picha, bila kukoma. Unaendesha programu, na mchoro unatokea mara moja kisha unaganda. Au unakwenda kwa kushtukashtuka. Au unakwenda vizuri dakika tano za kwanza halafu unazorota. Nimehangaika na matatizo haya kwa muda mrefu, na swali ninaloanzia ni lile lile kila mara: fremu inayofuata inaombwa na nani, na inaombwa lini?

Skrini haichori kwa sababu kodi yako ina jambo jipya. Skrini ina mapigo yake. Ya Hz 60 hupiga mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.67. Ya Hz 90 hupiga kila milisekunde 11.1, na ya Hz 120 kila milisekunde 8.3. Pigo linapofika, mfumo hutazama kama kuna aliyeomba kuchorwa. Asiyeomba hachorwi, na ombi moja hutosha fremu moja tu. Kwa hiyo kuchora mfululizo ni mnyororo wa maombi: ama kila fremu iombe inayoifuata, ama awepo mwingine wa kuiombea. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini ni pete ya mnyororo huo iliyokatika, iliyofungwa mara mbili, au iliyofungwa kwenye saa isiyo ya skrini.

Mchoro unatokea mara moja, kisha kimya

Kwenye Android, kosa la kwanza la kutazama ni kubadilisha thamani bila kuomba. Ukiandika `pembe += 2f` peke yake, hakuna kitakachotokea, kwa sababu mfumo haujui kwamba thamani hiyo inahusu picha. Lazima uite `invalidate()`. Na hapa wengi wanapotea: `invalidate()` haichori. Inaweka alama tu kwamba mwonekano huu umechakaa, kisha kazi yenyewe inasubiri pigo linalofuata. Ukiiita mara kumi kabla ya pigo, `onDraw`, yaani kitendakazi kinachochora mwonekano, itaitwa mara moja.

Mfano ninaoukuta mara kwa mara kwenye kodi za wanaoanza ni huu:

```kotlin
for (i in 0..100) {
    pembe = i.toFloat()
    invalidate()
    Thread.sleep(16)
}
```

Ukiusoma haraka unaonekana sawa: zungusha, omba, pumzika, rudia. Lakini ukiwa kwenye uzi mkuu (main thread), huo ndio uzi unaotakiwa kuchora, na wewe umeulaza. Skrini itaganda kwa takriban sekunde 1.6, kisha fremu ya mwisho itatokea ghafla ikiwa na pembe 100. Fremu zote za katikati hazikuwahi kuchorwa. Ukiweka kitanzi kisicho na mwisho ni mbaya zaidi: mtumiaji akigusa skrini na programu isijibu kwa sekunde 5, mfumo unamletea ujumbe kwamba programu haijibu.

Ukihamishia kitanzi hicho kwenye uzi mwingine bila kubadilisha kingine, umeondoa tatizo moja na kuleta jingine. Miti ya mionekano ya Android ni mali ya uzi mkuu. Kutoka uzi mwingine tumia `postInvalidate()`. Ukilazimisha `invalidate()` kutoka huko, kuna simu ambazo programu itaanguka na nyingine ambazo itaendelea kana kwamba hakuna kosa. Hiyo ya pili ndiyo hatari zaidi, maana utaamini umefaulu.

Kuita `invalidate()` mwishoni mwa `onDraw` kunafanya kazi kwenye Android, na kwa mchoro mdogo sioni haja ya kumlaumu mtu kwa hilo. `postInvalidateOnAnimation()` ni bora kidogo. Lakini kwa mchoro unaotegemea muda, ninapendekeza ushike mapigo ya skrini moja kwa moja kupitia `Choreographer`, aliyekuja na Android 4.1 mwaka 2012. Yeye hukupa wakati wa pigo lenyewe, na huo wakati utauhitaji baadaye. Kumbuka tu kwamba `postFrameCallback` ni ya mara moja. Usipojisajili upya ndani ya `doFrame`, unapata fremu moja na kimya.

```kotlin
private var inaendelea = false
private var wakatiUliopita = 0L

private val pigo = object : Choreographer.FrameCallback {
    override fun doFrame(sasa: Long) {
        if (!inaendelea) return
        if (wakatiUliopita != 0L) {
            val dt = (sasa - wakatiUliopita) / 1_000_000_000f
            songesha(minOf(dt, 0.1f))
        }
        wakatiUliopita = sasa
        invalidate()
        Choreographer.getInstance().postFrameCallback(this)
    }
}

fun anza() {
    if (inaendelea) return
    inaendelea = true
    wakatiUliopita = 0L
    Choreographer.getInstance().postFrameCallback(pigo)
}

fun simama() {
    inaendelea = false
    Choreographer.getInstance().removeFrameCallback(pigo)
}
```

`songesha()` ni kitendakazi chako mwenyewe cha kusogeza mchoro kwa sekunde zilizopita. Weka `anza()` kwenye `onAttachedToWindow` na `simama()` kwenye `onDetachedFromWindow`. Mstari wa kwanza wa `anza()`, ule wa `if (inaendelea) return`, unaonekana mdogo. Nitaurudia, kwa sababu ulinigharimu siku mbili.

Kwenye iOS, aliyetoka Android huja na mazoea ya kuita `setNeedsDisplay()` ndani ya `draw(_:)`, kisha anashangaa mnyororo hauendelei. Usitegemee njia hiyo. Anayepaswa kuomba fremu huko ni `CADisplayLink`, kiungo cha mapigo ya skrini, na yeye hujirudia mwenyewe hadi umsimamishe. Kama unatumia `MTKView`, mwonekano wa kuchora kwa Metal (mfumo wa michoro wa Apple), tazama sifa zake mbili kabla ya kitu kingine: `isPaused` na `enableSetNeedsDisplay`. Zote mbili zikiwa `false`, mwonekano hujichora wenyewe kwa mapigo. Zikiwa `true` zote, unachora pale tu unapoomba. `isPaused` ikiwa `true` na nyingine `false`, unachora pale tu unapoita `draw()` kwa mkono wako. Mara nyingi mtu amenakili kodi iliyoandikwa kwa ajili ya picha tuli, na `isPaused = true` imejificha mahali fulani katikati.

`GLSurfaceView` ya Android, inayochora kwa OpenGL, ina swichi inayofanana. Kwa kawaida huanza na `RENDERMODE_CONTINUOUSLY`, kwa hiyo ikiganda baada ya fremu moja, tafuta aliyeweka `RENDERMODE_WHEN_DIRTY` bila kuita `requestRender()`. Na `setRenderMode` iitwe baada ya `setRenderer`. Ukigeuza mpangilio huo programu itaanguka.

Hakijachorwa chochote tangu mwanzo

Hii ni tofauti na kuganda, na usiichanganye nayo. Weka mstari wa kumbukumbu (log) ndani ya `onDraw`. Usipouona hata mara moja, tatizo haliko kwenye mnyororo wa fremu bali kwenye mwonekano wenyewe.

Umerithi kutoka `ViewGroup`, kwa mfano `FrameLayout` au `LinearLayout`? Hizo hazichorwi zenyewe kama hazina mandharinyuma, kwa kuwa mfumo unadhani kazi yao ni kubeba watoto tu. Andika `setWillNotDraw(false)` kwenye kiunda (constructor) na `onDraw` itaanza kuitwa.

Umerithi kutoka `View` na umeuweka ndani ya `ScrollView` kwa `wrap_content`, bila kuandika `onMeasure`? Basi kimo chake ni sifuri. Nje ya `ScrollView` mwonekano huo huo ungejaza nafasi yote iliyopo, kwa hiyo ulipoujaribu peke yake ulionekana mzima. Ndani ya `ScrollView` unaambiwa chagua kimo chako mwenyewe, na asiye na `onMeasure` huchagua kidogo kabisa. Chapisha `width` na `height` kabla hujafikiria chochote kingine.

Kwa `SurfaceView` kuna mtego wa peke yake. Uso wake hukaa nyuma ya dirisha, na dirisha hutobolewa tundu ili uonekane. Ukiipa `SurfaceView` rangi ya mandharinyuma, umeziba tundu. Kodi yako inachora fremu 60 kwa sekunde nyuma ya pazia, na wewe unaona rangi moja tu.

Inakwenda vizuri, lakini haiamki baada ya mtumiaji kurudi

Mtumiaji amepokea simu au amefungua programu nyingine, akarudi, na mchoro umekufa au umekuwa mweusi. Hapa chanzo ni kwamba uso uliokuwa unauchorea haupo tena.

Kwa `SurfaceView` yenye uzi wako mwenyewe, mkataba ni mkali: `surfaceDestroyed` ikisharudi, hakuna uzi unaoruhusiwa kuugusa uso huo. Kwa hiyo ndani yake inabidi umwambie mchoraji asimame, kisha umsubiri amalize. Na `surfaceCreated` ikija tena, uanzishe uzi mpya, kwa sababu uzi uliokwisha hauwashwi mara ya pili. Ninaona kodi nyingi zinazounda uzi kwenye kiunda cha mwonekano na kuuwasha kwenye `surfaceCreated`. Mara ya kwanza inafanya kazi. Mara ya pili inatupa hitilafu, au mtu ameifunika kwa `try` na `catch` tupu na matokeo yake ni skrini iliyoganda bila neno.

Hakikisha pia uzi wa kuchora hausubiri uzi mkuu wakati uzi mkuu unamsubiri yeye. Kila mmoja akimngoja mwenzake, programu nzima imekwama, na utaambiwa haijibu. `lockCanvas()` nayo inaweza kurudisha `null` uso ukiwa umeondoka. Kagua jibu lake, na weka `unlockCanvasAndPost` ndani ya `finally`, la sivyo hitilafu moja katikati ya kuchora itaacha turubai imefungwa na hakuna fremu nyingine itakayopita.

Kwa `GLSurfaceView`, pitisha `onPause()` na `onResume()` kutoka kwenye shughuli yako (`Activity`). Ukiamka na maumbo yapo lakini picha zilizobandikwa juu yake ni nyeusi, muktadha wa OpenGL umepotea pamoja na kila ulichopakia humo. `onSurfaceCreated` imeitwa upya. Pakia upya kila kitu ndani yake, na usiweke ukaguzi wa aina ya "kama tayari imepakiwa, ruka". Nambari za zamani za vitu ulivyopakia bado ziko mkononi mwako lakini hazielekezi popote. `setPreserveEGLContextOnPause(true)` hupunguza usumbufu huu, ila si ahadi.

Upande wa iOS, acha kupeleka kazi kwenye GPU (kichakataji cha michoro) programu inapoingia nyuma. Mfumo huzikataa kazi za Metal zinazotumwa kutoka huko.

Mchoro unakimbia kuliko inavyotakiwa

Sasa zile siku mbili. Nilikuwa na mwonekano wa mawimbi ya sauti, na niliuona mwenyewe ukikimbia. Niliufungua, ukaenda kwa mwendo wake. Nikatoka, nikarudi, ukawa na haraka kidogo. Nikatoka tena, nikarudi tena: haraka zaidi. Nilikagua hesabu ya mawimbi mara nyingi, na hesabu ilikuwa sahihi. Mwishowe niliacha kutazama hesabu, nikaandika wakati wa kila `doFrame` kwenye kumbukumbu. Kila wakati ulijitokeza mara tatu, namba ile ile hadi nanosekunde ya mwisho, kisha ukaja wakati mwingine, nao mara tatu.

Kila `onResume` ilikuwa inajisajili kwa `Choreographer` bila kuangalia kama usajili wa zamani bado upo. Minyororo mitatu ilikuwa inatembea sambamba, kila mmoja ukisukuma wimbi hatua moja. `invalidate()` ikizidishwa haionyeshi dalili, kwa sababu maombi huunganishwa kuwa moja. Lakini hatua za mwendo haziunganishwi. Ndiyo maana ule mstari wa kwanza wa `anza()` upo pale, na ndiyo maana `simama()` inaondoa usajili badala ya kubadilisha bendera peke yake. Ukiona namba za wakati zinazojirudia, usitafute zaidi.

Kwenye iOS kosa hilo hilo huvaa sura nyingine. `CADisplayLink` humshikilia kwa nguvu yule aliyepewa kama lengo. Ukifunga ukurasa bila kuita `invalidate()` ya kiungo hicho, ukurasa haufi: unaendelea kuchora usikoonekana, ukila betri. Ukifungua mwingine una viungo viwili. Weka `print` kwenye `deinit`, na isipojitokeza umemshika mhusika. Angalia kwamba neno `invalidate` hapa lina maana kinyume na la Android: kule ni kuomba fremu, huku ni kuua kiungo.

Sababu nyingine ya kukimbia ni rahisi zaidi: unasogeza kwa fremu badala ya kwa sekunde. `x += 4f` kwa kila fremu ni nukta 240 kwa sekunde kwenye skrini ya Hz 60 na nukta 480 kwenye ya Hz 120. Andika kasi kwa sekunde, uizidishe na muda uliopita tangu fremu iliyotangulia.

Inachora, lakini inashtukashtuka

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kaunta ya fremu inaweza kusema 60 huku jicho likiona kwikwi. Jicho ndilo lenye haki.

Anza na saa. Wanaotumia `Handler.postDelayed` kwa milisekunde 16 wanapanga fremu 62.5 kwa sekunde kwenye skrini inayoonyesha 60. Tofauti ni 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama saa yako ingekuwa haikosei, kila baada ya sekunde 0.4 kuna hatua moja isiyo na pigo lake. Macho yanaona kijimruko chenye mpangilio, kama gurudumu lenye jino lililovunjika. Kubadilisha 16 kuwa 17 kunahamisha tatizo tu. Dawa ni kuachana na saa yako na kufuata mapigo ya skrini.

Halafu tazama unasoma wakati kutoka wapi. Mtu anafuata mapigo vizuri, kisha ndani ya `onDraw` anaita `System.nanoTime()` ili ajue kitu kiwe wapi. Lakini `onDraw` haiitwi umbali ule ule kutoka kwenye pigo kila mara. Leo imechelewa milisekunde 2 kwa sababu ya mguso, fremu inayofuata milisekunde 6. Fremu zitaonyeshwa kwa mpangilio sawa, ila zinabeba nafasi zilizopimwa bila mpangilio. Tumia wakati uliopewa na `doFrame`. Kwenye `CADisplayLink` tumia `targetTimestamp`, ambao ni wakati fremu hiyo inapotarajiwa kuonekana.

Kisha kuna moja ambayo ningependa kila anayeandika michoro aifahamu, kwa kuwa haionekani mezani kwako na huonekana kwa mtumiaji. Umechukua nanosekunde za saa ya mfumo, ukazigeuza kuwa sekunde ndani ya `Float`, ukazipeleka kwenye sheda (programu ndogo ya kuchora inayoendeshwa na GPU). `Float` ya biti 32 ina biti 24 tu za usahihi. Saa hiyo ikifika sekunde 131,072, ambazo ni takriban saa 36 za simu kuwa macho, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni sekunde 1/64, yaani milisekunde 15.6. Hiyo ni karibu fremu nzima ya Hz 60. Kwenye skrini ya Hz 120, takriban kila fremu ya pili itakuwa na wakati ule ule na ya kabla yake. Mtumiaji analalamika, unamwambia azime na kuwasha simu, tatizo linatoweka, na wote mnadhani limekwisha. Weka hesabu ya wakati kwenye `Long`, toa wakati wa kuanza kwanza, ndipo ugeuze. Kwa mchoro unaojirudia, chukua baki ya kugawanya kwa urefu wa mzunguko ili namba ibaki ndogo. Ndani ya sheda yenye `mediump` (usahihi wa kati) hali ni ngumu zaidi: pale GPU inapotumia biti 16 kweli, ukivuka 1,024 hakuna tena sehemu ya desimali.

Mshtuko usio na mpangilio, unaotokea kila sekunde chache, kwa kawaida ni usafishaji wa kumbukumbu ya kazi (garbage collection). Tafuta `Paint()`, `Path()`, `RectF()` na maneno yaliyounganishwa kwa `+` ndani ya `onDraw`. Vitoe nje, viwe vya mwonekano, uvitumie tena na tena. `Path` ina `rewind()` kwa kazi hiyo hiyo. Kikaguzi cha Android Studio hukupigia mstari mahali hapo, na ni onyo ninalolitii kila mara.

Kumetameta ni jambo jingine tena. Kama `SurfaceView` yako inarukaruka kati ya picha mbili, unachora sehemu ya turubai ukidhani iliyobaki bado ipo. Nyuma yake kuna zaidi ya bafa moja (nafasi za kuhifadhi picha), zinazopokezana. Ulichochora kwenye fremu iliyopita kiko kwenye bafa nyingine. Chora yote, kila fremu.

Inasimama kidole kinapoteleza kwenye orodha

Ni `CADisplayLink` iliyosajiliwa kwa hali ya `.default`. Kidole kikishika orodha, mzunguko wa matukio unahamia hali nyingine na kiungo chako hakiitwi. Kisajili kwa `.common`. Hakuna zaidi.

Haisimami, ila ni polepole

Kabla ya kuboresha chochote, jua nani amechoka: kichakataji au GPU. Kipimo changu cha haraka ni kupunguza ukubwa wa uso bila kugusa kingine. Kwa `SurfaceView`, ita `holder.setFixedSize`, kwa `MTKView`, zima `autoResizeDrawable` na upunguze `drawableSize`. Kasi ikipanda, GPU ndiye mzigo umemwelemea. Isipobadilika, tatizo liko kwenye kodi inayoandaa fremu.

Ukubwa wa uso si jambo dogo. Skrini ya 1080 kwa 2400 ina pikseli 2,592,000. Kwa baiti 4 kila moja, fremu moja ni karibu megabaiti 10.4, na kwa fremu 60 ni megabaiti 622 kila sekunde za kuandika tu, ukiwa umepaka kila pikseli mara moja. Ukipaka mandharinyuma, kisha picha juu yake, kisha kivuli angavu juu ya vyote, zidisha. Kwenye chaguo za wasanidi programu za Android kuna zana inayotia rangi sehemu zilizopakwa mara nyingi; iwashe, na ondoa tabaka ambazo hazionekani. Kushusha uso hadi 720 kwa 1600 kunabakisha asilimia 44 ya pikseli, na kwa mchoro wenye mwendo mwingi watumiaji wachache watatofautisha.

Usipime kwa kuchukua muda wa `onDraw` peke yake. Kwenye Android yenye uchoraji wa GPU, `onDraw` huandika orodha ya maagizo tu. Uchoraji wenyewe hufanyika baadaye kwenye uzi mwingine. Unaweza kuona milisekunde 1 huku fremu ikichukua 25. Endesha `adb shell dumpsys gfxinfo` ukifuatishia jina la kifurushi, usome ni fremu ngapi zimechelewa, na ni muda gani ambao asilimia 90, 95 na 99 ya fremu hazikuuvuka. Wastani utakuficha tatizo, mkia wa namba hizo ndio unaohisiwa. Ukitaka kuona fremu moja moja, tumia zana za kupimia: Perfetto kwa Android na Instruments kwa iOS.

Na kama kila kitu ni chepesi lakini iPhone yenye ProMotion (skrini ya hadi Hz 120) inagoma kuvuka 60, huenda si kosa lako la kuchora. Kwenye iPhone lazima uweke `CADisableMinimumFrameDurationOnPhone` kuwa `true` ndani ya `Info.plist`, kisha utaje `preferredFrameRateRange`, iliyokuja na iOS 15. `MTKView` nayo huanza na `preferredFramesPerSecond` ya 60 hadi uibadilishe. Hali ya kuokoa betri ikiwashwa, skrini hurudi 60 hata ukiomba vipi. Kwenye Android 11 na kuendelea, `Surface.setFrameRate` hueleza kasi unayotaka, na mfumo ndio unaoamua.

Kwenye Metal kuna ucheleweshaji unaofanana na GPU kuzidiwa na kumbe sio. Safu ina nyuso 3 tu za kuchorea. Ukiomba `currentDrawable` mapema, ukaishikilia huku ukifanya hesabu zako zote, nyuso zinaisha, na anayeomba inayofuata hungojeshwa, hata kufikia sekunde nzima kabla ya kupewa `nil`. Fanya hesabu kwanza. Omba uso mwishoni kabisa, uutumie, uuachie.

Dakika tano nzuri, kisha inazorota

Simu imepata joto, na mfumo umeshusha kasi ya vichakataji ili kuilinda. Kodi haijabadilika, nafasi ndiyo imepungua. Ukiwa unatumia milisekunde 15 kati ya 16.67 simu ikiwa baridi, huna akiba ya kukuvusha ikiwa moto. Pima baada ya dakika kumi za matumizi, simu ikiwa mkononi, bila kebo ya chaji.

Fremu 30 zinazokuja kwa mpangilio hutazamika vizuri kuliko 60 zinazoporomoka hadi 41, zikapanda 55, zikashuka tena. Kama simu haimudu, shusha kwa makusudi hadi kiwango ambacho skrini inagawanyika nacho bila baki.

Halafu uliza kama fremu hiyo inahitajika. Geji iliyotulia kwenye namba moja haina sababu ya kuchorwa mara 120 kwa sekunde. Mwendo ukiisha, ita `simama()`. Thamani ikibadilika au kidole kikigusa, ita `anza()`. Mwonekano ukifichwa, simama pia: `Choreographer` hajui kama unaonekana, na ataendelea kukuita hata ukiwa `GONE` (umeondolewa kwenye mpangilio), kwa hiyo sikiliza `onVisibilityAggregated` na umzime mwenyewe.

Kukomesha mnyororo kuna kosa lake, nalo hurudisha dalili ya kwanza kabisa. Mwendo umeisha, umesimamisha, lakini fremu ya mwisho ilichorwa kabla thamani haijafika mwisho wake. Sindano inabaki nyuzi mbili pembeni ya namba, na inakaa hapo hadi mtu aguse skrini. Weka thamani ya mwisho, ita `invalidate()` mara moja zaidi, ndipo usimame.